Theluji mpya na mteremko wa Laub: jibu kwa dada wa Lucerne

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, ni muuguzi hapa Lucerne, na nimekuwa nikiteleza kwa skii kwa misimu kadhaa sasa. Pisti nyekundu, zile njia zilizotengenezwa za ugumu wa kati, nazishuka bila shida, nyeusi, zile ngumu zaidi, kwa kujikaza. Wenzangu wa kazini wamenialika tushuke mteremko wa Laub kule Engelberg mara tu theluji mpya itakapoanguka. Wanasema kila mtu hupita pale, alama za skii zitakuwa zimeshajaa, na bikoni, kile kifaa cha kumtafutia aliyefunikwa na theluji, watanikodia asubuhi hiyo hiyo. Natamani sana kwenda ila naogopa, na sipendi nionekane mimi ndiye ninayewarudisha wengine nyuma. Nitajuaje kama mteremko uko salama? Na hiyo theluji ya unga, mpya na laini, inatelezwa vipi?"

Marahaba, dada. Nimefurahi umeuliza kabla ya kwenda.

Nianze na hilo la usalama, maana ndilo lenye uzito. Hutajua kama mteremko uko salama. Wenzako nao hawatajua. Mimi ninayefundisha mambo haya sijui, na hata watafiti wa SLF, taasisi ya theluji na maporomoko kule Davos, ambayo kazi yake ilianzia kwenye kibanda cha utafiti pale Weissfluhjoch mwaka 1936, hawawezi kukuambia kwamba mteremko fulani saa fulani utashika ukipita wewe. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, na tabaka linaloua huwa limefunikwa. Hapa limeshikana vizuri, hatua ishirini mbele ni dhaifu, na kwa juu kote kunaonekana kweupe vilevile.

Lakini kuna jambo moja unaloweza kulijua kwa hakika ukiwa bado umekaa mezani nyumbani: mteremko una digrii ngapi. Mlima haubadiliki usiku. Ndiyo maana mimi huanzia hapo, halafu nauliza theluji ya leo inaniruhusu mteremko wa digrii ngapi. Watu wengi huenda kinyume. Wanachagua mteremko kwanza, kisha wanatafuta sababu za kuuamini. Mwaliko wako umekuja kwa njia hiyo: Laub imeshachaguliwa, na theluji yenyewe haijaanguka.

Kwa nini digrii? Poromoko linalowaua watelezaji kwa kawaida ni la bamba. Theluji iliyoshikana, mara nyingi kwa kazi ya upepo, inakuwa imelala juu ya tabaka la chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari iliyomwagwa mezani. Uzito wako unalivunja tabaka lile mahali padogo tu. Ufa unakimbia chini ya bamba kwa kasi ambayo hakuna mteleza anayeweza kuikimbia, na bamba zima linakatika kwa mara moja, wewe ukiwa katikati yake. Piga hesabu ya bamba lisilo kubwa: upana mita 50, urefu mita 80, unene nusu mita. Hizo ni mita za ujazo 2,000. Kwa kilo 200 kila mita ya ujazo, unapata tani 400. Na takriban watu tisa kati ya kumi wanaonaswa, poromoko limeanzishwa na wao wenyewe au na mtu wa kundi lao. Ndiyo maana mpango una maana: chanzo cha ajali ni sisi, kwa hiyo tunaweza kuiepuka.

Bamba likishavunjika tabaka lake la chini, bado linahitaji mwinuko wa kutosha ili liteleze. Chini ya digrii 30 ni nadra sana lianze. Kuanzia 30 kwenda juu hatari inapanda haraka, na maporomoko mengi ya watelezaji huanzia kwenye sehemu zinazozidi 35. Usipime haya kwa macho yako ya pisti. Pisti nyeusi huanza kuitwa nyeusi kwenye mwinuko wa asilimia 40, ambao ni digrii 22 hivi. Digrii 35 ni asilimia 70. Kwa hiyo mtu akikuambia "si mkali sana, ni kama pisti nyeusi", hajakuambia kitu.

Fungua ramani ya swisstopo, idara ya ramani ya Uswisi, kwenye kompyuta au simu, washa tabaka linaloonyesha miteremko inayozidi digrii 30, na utaona rangi zikibadilika kila digrii tano kuanzia njano. Lakini jizoeze pia kusoma kontua zenyewe, ile mistari ya kimo, kwa sababu simu hufa kwa baridi. Kwenye ramani ya skeli ya 1:25,000 ya milima ya Uswisi, kutoka kontua moja hadi nyingine ni mita 20 za kimo. Nafasi kati yao ikiwa milimita 1.4, uko kwenye digrii 30. Ikiwa milimita 1.1, ni 35. Ikipungua kuwa chini kidogo ya milimita moja, umefika 40. Chukua rula usiku huu uijaribu pale Laub. Ni mteremko mmoja mpana, ulio wazi, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,000 kutoka ukingo wa Laubersgrat hadi chini, na utaona sehemu yake kubwa inazidi 30 na kwamba zipo zinazofika 35 na kupita. Angalia pia mteremko unatazama wapi: kaskazini. Hilo nitalirudia.

Ukiwa mlimani, ramani inaweza kukosa kijimteremko kifupi, na kijimteremko cha mita kumi kinatosha kuanzisha poromoko. Kuna njia ya kupima kwa fimbo zako mbili za skii, na nakusihi uifanye mara nyingi kwenye miteremko midogo isiyo na hatari hadi mikono iizoee. Laza fimbo moja juu ya theluji ikielekea chini moja kwa moja, ncha juu na mshikio chini, uibonyeze iache alama ya urefu wake. Sasa acha ncha ibaki pale pale kwenye alama ya juu, na unyanyue mshikio. Shika fimbo ya pili pamoja na ya kwanza kwenye mishikio, ya pili ikining'inia wima yenyewe. Shusha mikono polepole mpaka ncha ya ile inayoning'inia iguse theluji. Ikigusa kwenye alama ya chini hasa, mteremko una digrii 30. Ikigusa chini zaidi ya alama, umezidi: kila sentimita 10 ni digrii tatu hivi. Fimbo ziwe na urefu sawa. Inachukua nusu dakika, na inanyamazisha mabishano yote ya "hapa ni thelathini tu".

Sasa tuje kwenye theluji. Wakati wa baridi SLF hutoa taarifa ya maporomoko kila siku saa 11 jioni, na kuirekebisha saa 2 asubuhi, kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza. Watu husoma namba tu na kufunga simu. Namba ina ngazi tano: 1 hatari ndogo, 2 ya wastani, 3 kubwa kiasi, 4 kubwa, 5 kubwa mno. Kosa la kwanza la wageni ni kudhani 3 ni katikati, kwa hiyo si mbaya. Hatari haipandi kwa hatua sawa. Kutoka 2 kwenda 3 ni mruko. Takriban nusu ya vifo hutokea siku za ngazi ya 3, na vingi vya vilivyobaki hutokea kwenye 2. Kwenye 4 na 5 watu huogopa, wakabaki pistini. Kwenye 3 jua limetoka, theluji ni mpya, na hakuna anayetaka kubaki.

Chini ya namba kuna maelezo, na hapo ndipo penye chakula chenyewe. Taarifa inakuambia tatizo ni lipi: theluji mpya, theluji iliyopeperushwa na upepo, tabaka dhaifu la zamani, theluji yenye maji, au theluji inayoteleza yote kutoka kwenye majani. Inakuonyesha pia duara la dira lenye pande zilizotiwa rangi na kimo ambacho hatari inaanzia. Tofauti ya matatizo haya si ya darasani. Theluji iliyopeperushwa unaweza kuiona na mara nyingi kuizunguka, na baada ya siku moja au mbili inatulia. Tabaka dhaifu la zamani halionekani, linaweza kudumu wiki kadhaa, na linaweza kuvunjwa kutoka mbali. Umesimama tambarare, mteremko wa juu yako unashuka. Taarifa ikitaja tabaka dhaifu la zamani, mimi hupunguza digrii zaidi ya kanuni inavyodai na sibembelezwi.

Kanuni yenyewe ni ya Werner Munter, mwongoza milima wa Uswisi aliyebadilisha namna Alps nzima inavyofikiri juu ya jambo hili miaka ya 1990. Umbo lake rahisi kabisa linatosha kwa mtu anayeanza. Ngazi ya 2, baki chini ya digrii 40. Ngazi ya 3, chini ya 35. Ngazi ya 4, chini ya 30. Ngazi ya 5, kaa nyumbani. Na kadiri ngazi inavyopanda ndivyo unavyotazama mbali zaidi: kwenye 2 unapima sehemu kali zaidi karibu na njia yako, kwenye 3 unapima mteremko wote, kwenye 4 unahesabu hata ile iliyo juu yako ambayo hukusudii kuigusa. Kwa mtu wa msimu wa kwanza nje ya pisti, mimi napunguza digrii tano nyingine kwenye kila ngazi. Hiyo ni hukumu yangu. Wapo wanaoniona mkali.

Ipeleke kanuni hii Laub, siku baada ya theluji mpya. Ngazi ya 3 ni jambo la kawaida siku kama hiyo. Mteremko wote unahesabiwa, una sehemu zinazofika 35, kwa hiyo jibu ni hapana hata kabla hujavaa viatu. Hesabu haijali kwamba Laub ni maarufu.

Na nilisema nitarudi kwenye kaskazini. Engelberg ni bonde la Föhn, ule upepo wa joto unaovuka Alps kutoka kusini. Föhn ikivuma wakati kuna theluji legevu vileleni, inaikomba upande wa kusini na kuilaza upande wa pili wa ukingo, yaani kwenye miteremko inayotazama kaskazini. Umesikia imeanguka sentimita 20; nyuma ya ukingo unaweza kukuta 60 au zaidi, imeshikana, inasubiri. Ndiyo sababu swali la "imeanguka kiasi gani?" bila swali la "upepo ulitoka wapi?" halikusaidii. Ukifika juu tazama ukingo: theluji iliyojikunja na kuning'inia inakuonyesha upepo ulikokuwa unaelekea. Tazama mawimbi madogo juu ya theluji. Ukikanyaga na theluji ikapasuka mistari mbele ya skii, au ukasikia mngurumo mzito wa theluji ikikaa chini yako, mlima umeshakujibu. Unarudi kwa njia uliyojia.

Kuhusu alama za watu wengine, hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu hili linawapoteza hata wazoefu. Alama hazithibitishi chochote. Tabaka dhaifu linavunjika pale tu mtu anapolifikia, na analifikia kirahisi mahali ambapo bamba ni jembamba: karibu na mawe, pembezoni, kwenye mabadiliko ya mwinuko. Watu ishirini wanaweza kupita katikati, penye theluji nene, uzito wao usifike chini. Wa ishirini na moja anasogea mita tano kando kutafuta theluji isiyoguswa, anapita karibu na mwamba uliofunikwa, na mteremko wote unaondoka, pamoja na alama zote ishirini. Zaidi ya hayo, alama zinawavuta watu wengi mahali pamoja. Laub huwa na makundi kadhaa kwa wakati mmoja, na mtu usiyemjua anaweza kulianzisha poromoko juu yako.

Tuje kwenye bikoni ya kukodi asubuhi. Bikoni zote, za kampuni yoyote, hutumia mawimbi ya kilohetsi 457, kwa hiyo ya kukodi inaongea na ya mwenzako bila shida. Shida ni wewe. Kumbuka bikoni uliyovaa haikuokoi wewe. Inampa mwenzako njia ya kukutafuta, na ile aliyovaa yeye ndiyo utakayomtafutia. Ukienda nayo bila mazoezi, unawaambia wenzako kwamba wakifunikwa hakuna atakayewafukua. Wewe ni muuguzi, sina haja ya kukueleza ubongo unavyokaa bila oksijeni. Anayefukuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza ana nafasi ya takriban tisa kati ya kumi ya kuwa hai, ikiwa hajaumizwa na miamba. Baada ya hapo nafasi inaporomoka, na kufikia nusu saa wengi wameshakufa kwa kukosa hewa. Helikopta ya Rega, shirika la uokoaji wa angani la Uswisi, ni nzuri kuliko nyingi duniani, lakini ndani ya dakika 10 ni nyinyi tu mlioko pale.

Kwa hiyo vitu vitatu, kwa kila mtu bila kubakiza: bikoni, fimbo ndefu ya kuchomea theluji isiyopungua sentimita 240, na koleo la chuma. Koleo la plastiki liache dukani. Theluji ya poromoko ikisimama hukaza papo hapo na plastiki inavunjika. Simu iwe sentimita 20 mbali na bikoni inapotuma, na sentimita 50 inapotafuta. Fanyeni mazoezi ya kutafuta mkoba uliozikwa, na mmalizie kwa kuufukua kweli, maana watu hufanya mazoezi ya kupata ishara tu, wakati kazi inayokula dakika nyingi ni koleo. Fimbo ikigusa mtu, iacheni pale pale, mteremke hatua kadhaa na kuanza kuchimba kutoka upande wa chini kumwelekea. Anayechimba mbele huchoka haraka, kwa hiyo abadilishwe. Mfuko wa hewa wa mgongoni unapunguza uwezekano wa kufunikwa kabisa na ni jambo jema kuwa nao, lakini haukulindi na miamba wala na bonde jembamba ambamo theluji inajazana juu yako.

Siku itakapofika ya kushuka mteremko mkali, namna ya kushuka imepangwa tangu jana yake. Anashuka mmoja mmoja. Wengine wanasubiri mahali ambapo poromoko halifiki: juu ya mgongo wa mlima, nyuma ya kilima cha mawe, pembeni kabisa. Mahali hapo panachaguliwa kwenye ramani, na siku ile macho yanathibitisha. Hakuna kusimama katikati ya mteremko kupiga picha, wala chini ya mtu anayeteleza. Anayefika anatoka njiani kwanza, ndipo anainua fimbo kumwita wa pili. Laub ni ngumu kwa sababu hii pia: mteremko ni mrefu na uko wazi, na mahali pa kujificha ni pachache. Jiulize vilevile chini kuna nini. Poromoko dogo linaloishia kwenye uwanda ulio wazi laweza kukuachia hofu tu. Poromoko hilo hilo juu ya jabali au juu ya korongo ni msiba. Na kwenye zaidi ya digrii 40, hata bila poromoko lolote, kuanguka tu ni hatari, kwa sababu hutasimama mpaka mteremko ulegee.

Ngoja niongeze neno kwa sababu nawajua watu wa Engelberg siku nzuri. Baada ya mteremko mmoja, mtu atasema twende na mteremko wa Steinberg kabla gari la nyaya halijafungwa. Steinberg inapita kwenye barafu ya Titlis, yenye nyufa zilizofunikwa na madaraja ya theluji. Pale kuna hatari tofauti kabisa, zinazotaka mkanda wa kiunoni, kamba na mtu anayejua kumtoa mwenzake kwenye ufa. Usikubali iongezwe jioni kama kitindamlo.

Sasa kuhusu kuonekana unawarudisha wengine nyuma. Hili nimeliona kwa watu wetu huku Ulaya mara nyingi kiasi kwamba nadhani linahitaji kusemwa waziwazi. Tumelelewa kwamba mgeni haamui, mgeni anashukuru. Umealikwa, wenyeji wamezaliwa kwenye theluji, wewe umetoka Moshi. Unaona ukiuliza digrii ngapi utakuwa unawafundisha kwao. Lakini tunayo pia methali nyingine, mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa ndipo mahali pake. Waliozoea mteremko ndio wanaoacha kuuangalia. Katika kundi lolote ninaloongoza nje ya pisti, neno "hapana" la mtu mmoja, hata awe mgeni kuliko wote, linatosha kuwageuza wote, na hatakiwi kutoa sababu. Tunalikubaliana hilo chini, kabla ya kupanda. Kundi lisilokubali sharti hilo, mimi siendi nalo, na wewe usiende nalo. Kama ndugu zako wa Moshi watakuuliza Mchaga na theluji wapi na wapi, waambie Walter Furtwängler na Siegfried König walishuka Kibo kwa skii mwaka 1912. Mlima wa nyumbani una historia hii zamani kuliko vituo vingi vya skii vya Alps.

Kuteleza kwenyewe nitakuwa mfupi, kwa sababu miguu hujifunza kwa kufanya. Pistini umezoea kuweka uzito karibu wote kwenye skii ya nje. Kwenye theluji ya unga ukifanya hivyo, skii hiyo inazama na nyingine inabaki juu, na unaanguka. Uzito uwe kwenye zote mbili, miguu ikaribiane. Watakuambia ulale nyuma. Usilale, mapaja yataungua baada ya mizunguko michache na hutaweza tena kuziongoza skii. Simama katikati, magoti laini, ukiinuka na kushuka kwa mdundo mmoja, na uache skii zielekee chini kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu theluji yenyewe ni breki na bila mwendo hazigeuki. Kodi skii pana, zenye zaidi ya milimita 100 katikati. Ukianguka, weka alama mahali skii ilipochomoka kabla hujasogea. Yote haya unaweza kujifunza kwenye digrii 20 au 25, na raha ni ile ile.

Kwa hiyo safari hii, hivi ndivyo ningefanya kama ningekuwa wewe. Waambie wenzako unakwenda Engelberg nao, ila Laub si ya siku hiyo kwako. Uswisi kuna njia zilizowekewa alama za njano: hazilainishwi na mashine wala hazikaguliwi jioni, lakini zikiwa wazi zimelindwa dhidi ya maporomoko. Anzia huko ujifunze unga. Halafu kwenye kingo za pisti zilizo chini ya digrii 30, zisizo na mteremko mkali juu yake, fanya mazoezi ya kupima kwa fimbo. Jiandikishe kozi ya siku mbili ya maporomoko; matawi ya klabu ya Alps ya Uswisi, SAC, huziendesha kila msimu wa baridi, na vituo vingi vya skii vina uwanja wa mazoezi ya bikoni. Laub iende na mwongoza milima mwenye cheti, siku ya ngazi ya 1 au 2 isiyo na tabaka dhaifu la zamani, baada ya theluji kukaa siku kadhaa. Haitakuwa unga wa magotini tena, lakini mteremko ni ule ule.

Na wakisisitiza, waulize maswali matatu usiku wa kuamkia siku hiyo, baada ya saa 11 jioni taarifa ikishatoka: sehemu kali zaidi ina digrii ngapi, upepo ulitoka wapi siku tatu zilizopita, na tutageuka wapi tukiona mambo hayako sawa. Ukipata majibu matatu yanayoeleweka, una wenzako wazuri wa kujifunza nao. Hifadhi kwenye simu namba 1414 ya Rega na 112. Ikitokea ajali mmoja apige simu mara moja huku wengine wakitafuta, na kabla ya hapo kila mtu aangalie kama juu kumebaki theluji inayoweza kushuka tena.